Mkristo anastarehe vipi na maiti?

“Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkatoliki, naishi Chake Chake. Kwa miaka kama kumi nimekuwa msomaji wa riwaya za Kikristo za Kiingereza, zile zisizo na matusi wala mambo ya chumbani. Nazisoma kwenye simu usiku watoto wakishalala. Mwaka jana binamu yangu aliyeko Dar alinitumia kitabu cha upelelezi ambacho kwenye jalada kimeandikwa ‘cozy’. Mwanamke mwenye duka la keki katika mji mdogo anamgundua muuaji. Hakina damu, hakina kitanda, nikakipenda mno. Sasa nimeshasoma sita. Lakini cha nne kilikuwa na mwanamke mpiga ramli anayezungumza na wafu, na mwandishi anamfanya ndiye mtu mwema. Nikakifunga. Mume wangu, ambaye ni kiongozi wa jumuiya yetu, aliniuliza swali moja likanikaa moyoni: Mkristo anastarehe vipi na maiti? Akanisomea Wafilipi 4:8, sikuwa na jibu. Tena binti yangu wa miaka 13 ameanza kuniomba nimwazime. Nikwambie na hili: hamu ya vitabu hivi ilinishika baada ya kaka yangu kugongwa na gari usiku, dereva akakimbia, na mpaka leo hajulikani. Riwaya zangu za zamani sizimalizi tena. Je, nina kosa? Nisome nini, niache nini, na nitajuaje kabla sijafungua?”

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kaka yako. Umemtaja karibu na mwisho, kwa haraka, kama vile ni jambo la pembeni. Nitamrudia baadaye, tena kwa kirefu, kwa sababu naona barua yako nzima inamzunguka yeye.

Kosa huna. Lakini swali la mumeo ni zuri na linastahili jibu la kweli, kwa hiyo tuanze na maiti.

Watu wengi hudhani anayesoma hadithi ya mauaji anafurahia mauaji. Ingekuwa hivyo, vitabu ulivyosoma vingejaa damu, maana hicho ndicho ambacho msomaji angekuwa amekifuata. Vitazame vilivyo. Mtu anauawa pasipo msomaji kuona, anakutwa asubuhi ameshapoa, jeraha likielezwa ni mstari mmoja. Mara nyingi ni sumu. Agatha Christie, Mwingereza aliyeipa aina hii umbo tunalolijua leo, alijifunza sumu akitoa dawa hospitalini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ujuzi huo ulimwezesha kuandika vifo vingi bila kumwaga damu nyingi. Ukiondoa damu, kinachobaki ni kitendawili.

Na kitendawili wewe unakijua tangu mtoto. Mmoja anasema “Kitendawili!”, wenzake wanaitika “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Watoto wanakuna vichwa, wakishindwa wanaambiwa watoe mji, wanampa mji, naye anajitapa kwamba amefika huko akafanya hivi na vile, ndipo anategua: yai. Hakuna mtoto anayeilia ile nyumba isiyo na mlango. Wote akili zao ziko kwenye kutafuta. Mwandishi wa upelelezi anafanya kazi ileile, ila yeye anatega ukurasa wa kumi na kutegua ukurasa wa mia mbili. Katikati anakuwekea dalili mbele ya macho yako: kikombe kisichooshwa, saa iliyosimama, jirani anayesema alisikia mlango ukifungwa saa ambayo kila mtu alikuwa harusini. Anazichanganya na nyayo za uongo ili upotee. Ukifika mwisho ukasema “lo, nilikiona kile kikombe!”, hiyo ndiyo starehe yenyewe. Umeshindwa kwa haki, umetoa mji wako, na ukweli umejulikana.

Nasema “kwa haki” kwa makusudi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye baadaye aliitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza kutoka Kilatini, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Alikuwa akiziandika hadithi hizo yeye mwenyewe. Kanuni zake zinasema mkosaji atajwe mapema, asije akachomoza sura ya mwisho kama mgeni asiyealikwa. Mpelelezi asifiche dalili aliyoipata. Asifanikiwe kwa bahati nasibu. Na nguvu za mizimu na miujiza ziwekwe kando kabisa. Mwaka uliofuata waandishi wa upelelezi wa London wakaanzisha chama chao, na rais wake wa kwanza alikuwa G. K. Chesterton, ambaye mwaka 1922 alikuwa ameingia Kanisa Katoliki kwa hiari yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema upelelezi ni mambo ya dunia yaliyojipenyeza kwa Wakristo, jua kwamba hadithi hizi zina mikono mingi ya watu wa kanisani ndani yake.

Mwambie mumeo afungue Danieli sura ya 14. Ninyi Wakatoliki mnayo ndani ya kitabu chenyewe; sisi Waanglikana tunaisoma pamoja na vile vitabu vya pembeni. Mfalme wa Babeli anaamini kwamba sanamu Beli inakula. Kila siku inapelekewa unga, kondoo arobaini na mvinyo. Mlango unafungwa na kupigwa muhuri, na asubuhi chakula hakipo. Danieli anacheka. Usiku ule, chakula kikishaandaliwa na makuhani wameshatoka, anaagiza watumishi wake walete majivu, wayachekeche juu ya sakafu yote, mfalme peke yake akiwa shahidi. Kisha mlango unafungwa. Asubuhi muhuri uko mzima, meza tupu, na mfalme anaanza kumsifu Beli kwa sauti. Danieli anamzuia asiingie. Tazama chini, anamwambia, nyayo hizi ni za nani? Ni nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto. Makuhani walikuwa wakiingia usiku na familia zao kwa mlango wa siri chini ya meza, wanakula na kunywa.

Hiyo ni hadithi ya upelelezi kamili. Chumba kimefungwa, muhuri haukuvunjwa, na ushahidi uko miguuni pa mfalme ambaye hakuinamisha macho. Dorothy L. Sayers, mwandishi mwingine wa upelelezi aliyekuwa Mwanglikana wa kweli kweli, alipokusanya hadithi fupi za aina hii mwaka 1928 aliiweka humo. Tena kumbuka nabii Nathani na mfalme Daudi, 2 Samweli sura ya 11 na 12. Uria, askari ambaye Daudi alimchukulia mke, alikufa kwa barua ya mfalme aliyoibeba mwenyewe mkononi bila kujua kilichomo. Nathani hakumwendea mfalme na panga. Alimwendea na kisa cha kondoo mmoja, Daudi akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akasikia: “Wewe ndiwe mtu huyo.” Sijui ufunuo wa mkosaji ulio mkali kuliko huo katika kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma vingi.

Sasa Wafilipi 4:8. Mwombe mumeo aisome tena polepole. Paulo anataja mambo ya kuyatafakari: anaanza na yaliyo ya kweli, kisha ya staha, kisha ya haki, ndipo anafika kwenye yaliyo safi. Sisi tunaopenda vitabu safi tuna tabia ya kurukia lile la nne na kuyasahau matatu ya mwanzo. Hadithi ambayo uongo unafichuliwa na asiye na hatia anavuliwa lawama ina sehemu yake katika aya hiyo, sehemu kubwa.

Lakini mumeo ana haki mahali pamoja, na ningekudanganya nikipaficha. Vipo vitabu vingi vya aina hii ambamo mtu akifa hakuna anayelia. Maiti inaokotwa nyuma ya duka la keki asubuhi, mchana mwenye duka anauza keki na kupiga soga, sura ya tatu marehemu ameshasahauliwa. Mara nyingi mwandishi amemfanya awe mtu mbaya, tajiri mchoyo au mwanamke mwenye domo, ili msomaji asione uchungu. Kwa mtu wa Pemba jambo hili lapasa likere. Kwetu mtu akifa mtaa mzima unahama kwake, Mkristo na Mwislamu, wanaopika wanapika, wanaochimba wanachimba, na hakuna anayeuliza kwanza kama marehemu alikuwa mwema. Kwa hiyo nakupa kipimo changu, ninachokitumia mwenyewe: je, marehemu wa kitabu hiki ana mama? Yupo mtu mmoja ndani ya hadithi anayempoteza? Kama yupo, mwandishi anajua kwamba aliyeuawa ni mtu. Kama hayupo, hata kikiwa hakina tusi moja, hicho ndicho kitabu ambacho swali la mumeo linakipata barabara.

Hapo tumefika kwenye neno “safi”, na hapa ndipo wasomaji wengi wa aina yako wanapochanganyikiwa. Kuna ahadi mbili tofauti. Vitabu ulivyovizoea vinatoka kwa wachapishaji wa Kikristo wa Marekani, ambao soko lao lilijengeka kupitia maduka ya vitabu vya Kikristo. Chama cha wenye maduka hayo kilianzishwa mwaka 1950. Wachapishaji hao huwawekea waandishi mipaka ya lugha na mapenzi, na juu yake wanataka imani ionekane katika maisha ya wahusika: wanasali, wanashindwa, wanatubu. Upelelezi huu wa binamu yako, ambao mimi nauita wa kibarazani kwa sababu siri zake hupatikana kwa kukaa na watu na kusikiliza, unaahidi kidogo zaidi. Unaahidi kutokukuonyesha damu, kutokukuingiza chumbani, na kutotukana sana. Basi. Haujaahidi lolote kuhusu pombe, wala wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa, wala jina la Mungu kutajwa ovyo, wala ramli. Hukudanganywa na kile kitabu cha nne. Ulikisoma ukitarajia ahadi ambayo hakikuitoa.

Na lipo jambo ambalo ahadi zote mbili hazilitaji: dharau. Hadithi nyingi za Uingereza za zamani, za Chesterton na za Christie pia, zina maneno ya kutweza Waafrika, Waasia na Wayahudi. Ukiuliza kama kitabu ni safi utajibiwa ndiyo, hakina busu. Mimi nimewahi kumwazima msichana mkusanyiko wa hadithi hizo bila kuusoma wote kwanza, akanirudishia amefunga ukurasa kwa kipande cha karatasi, hakusema neno. Nilipoufungua pale nikaona mtu mweusi anavyoelezwa. Tangu siku ile dharau naihesabu katika uchafu, na nakushauri nawe uihesabu.

Kuhusu ramli, ulifanya vizuri kufunga, na sababu zako ni mbili, si moja. Ya kwanza unaijua, Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli. Ya pili ni ya kifasihi: maiti akija kusema nani kamuua, kitendawili kimekufa, na ndiyo maana Padri Knox alikataza. Kwa mwandishi wa mji mdogo wa Marekani, mpiga ramli ni pambo la hadithi, kama taa za rangi. Kwetu visiwani si pambo. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeuza shamba kumlipa mganga, au ndugu wawili waliotengana kwa sababu mmoja ametajwa kwenye bao. Hatuwezi kulisoma jambo hilo kwa wepesi alioliandikia, na hatulazimiki.

Ila tofautisha kitabu kinachoamini ramli na kitabu kinachoichunguza. Hapa nina furaha kukuambia kwamba bora kabisa katika kazi hiyo ni Mzanzibari. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58 na ikachapishwa mwaka 1960. Mtu anauawa penye mzimu, na wapo wanaoona ni kazi ya mizimu yenyewe. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anatafuta mkono wa binadamu, kwa utulivu, kwa kuuliza na kusikiliza, na rafiki yake Najum akishangaa pembeni. Ni Danieli na majivu yake, shambani Unguja. Hutaona humo kanisa, maana mwandishi ni Mwislamu na watu wake ni Waislamu, lakini utaona Kiswahili kitamu na akili inayokataa kutishwa. Zipo nyingine baada yake, Kisima cha Giningi ya 1968, Duniani Kuna Watu ya 1973, na kuendelea. Nikwambie mapema kwamba humo utakutana na nasaba zilizofichwa na watoto wa nje ya ndoa. Hakuna cha kuaibisha katika uandishi wake, ila soma wewe kwanza kabla ya kumpa binti.

Nashangaa jinsi watu wa kanisa letu wanavyotafuta hadithi mbali wakati mlango wa jirani uko wazi. Edward Steere, yule aliyekuja kuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini penye soko la watumwa la zamani, alichapisha mwaka 1870 ngano alizozisikia kwa watu wa Unguja. Hakuona haya kukaa chini na kusikiliza.

Turudi kwenye vya Kiingereza. Kujua kabla ya kufungua si vigumu sana ukishazoea. Jalada lenyewe linasema: kofia nyeusi yenye ncha, tufe la kioo, paka mwenye macho ya kung’aa, mwezi mkubwa, hapo kuna wachawi au mizimu ndani, kiache. Paka wa kawaida dirishani hana neno. Soma kurasa za mwanzo zinazotolewa bure, lakini usiziamini peke yake, kwa sababu mfululizo wa vitabu hubadilika. Wapenzi wanaoshikana mikono katika cha kwanza wanaweza kuwa wamehamia nyumba moja katika cha tano. Kinachonisaidia mimi kuliko vyote ni maoni ya wasomaji walionuna. Anayekipenda kitabu atakwambia ni kizuri tu. Aliyekasirika atakwambia ukurasa na kosa. Ukiona mmoja analalamika kwamba wahusika wanasali mno, hicho kimeandikwa kwa ajili yako.

Upelelezi wa Kikristo kamili nao upo. Guideposts, wachapishaji wa Marekani walioanza mwaka 1945, wana mifululizo kadhaa ambamo wanawake wa makanisa madogo wanafumbua mafumbo ya mji wao, mengine hata hayana kifo, ni pete iliyopotea au barua ya zamani iliyookotwa darini. Vinatuliza. Kwa uaminifu, baadhi ya vitabu vya aina hii vina kitendawili chepesi, utamjua mkosaji kabla chai haijapoa, na vingine vinasimamisha hadithi ili vihubiri. Ukichoka navyo usijione umechoka na imani yako.

Ningependa uanze na Padri Brown wa Chesterton. Mkusanyiko wa kwanza ulitoka mwaka 1911, hakimiliki yake imekwisha, unapakuliwa bure kwenye simu. Hadithi ya kwanza inahusu msalaba wa fedha wenye vito vya buluu na haina maiti hata mmoja. Padri mfupi, mwenye mwavuli na vifurushi vya karatasi, anasafiri na padri mwingine mrefu. Anamshuku. Anafanyaje? Wakiwa hotelini anabadilisha chumvi na sukari. Mtu akionja kahawa ya chumvi atalalamika, kila mtu angelalamika. Yule mrefu anakunywa, ananyamaza. Mtu anayemeza kahawa ya chumvi kimya ana sababu ya kutotaka kutazamwa. Baadaye wanazungumza habari za Mungu, na yule mrefu anasema kwamba huenda akili ya binadamu haina maana mbele ya ukubwa wa ulimwengu. Hapo Padri Brown anathibitisha kabisa kwamba si padri, kwa sababu kuidharau akili ni teolojia mbovu. Mwizi anastaajabu padri huyu anajuaje ujanja wa wezi, naye anamkumbusha kwamba kazi yake ni kukaa akisikiliza dhambi halisi za watu. Na mwizi huyo huyo, katika hadithi zinazofuata, anatubu na kuwa rafiki yake. Hilo la kutubu katika vile sita ulivyosoma nadhani hukulikuta, kwa kuwa kwa kawaida kitabu kinaisha pingu zikifungwa. Mikusanyiko ya baadaye uichague kwa macho, kwa ile dharau niliyoitaja.

Ukitaka Afrika, Alexander McCall Smith ameandika tangu 1998 habari za Mma Ramotswe wa Botswana, mwanamke mwenye ofisi ndogo na birika la chai. Kesi nyingi ni waume waliopotea na watu wanaojifanya wasiyokuwa. Kitabu cha kwanza kina mtoto aliyetoweka na hofu ya dawa za waganga, pia mume mpigaji, kwa hiyo ni cha kwako kabla ya kuwa cha binti. Na Sayers ana riwaya ya 1935, Gaudy Night, inayotokea chuo cha wanawake Oxford, ambamo hakuna anayeuawa. Ni nzito, soma ukiwa na nafasi.

Binti yako wa miaka 13 usimkatalie kwa jumla. Ukimkatalia atavipata kwa mwenzake skuli, vile ambavyo hukuvichagua. Mpe huo msalaba wa buluu, lakini usimpe tu. Someni pamoja kwa sauti, kurasa chache kila jioni, na kabla ya kufungua sehemu inayofuata muulize: unamshuku nani, na kwa nini? Umtafsirie panapomshinda. Uliza pia anayeumia katika hadithi ni nani. Ukiona analala na taa, au anauliza uliza kama mlango umefungwa, simamisheni. Watoto hawafanani, na umri wa jalada haumjui mtoto wako.

Sasa kaka yako.

Umeniambia hamu ilianza baada ya msiba, na kwamba riwaya za zamani huzimalizi. Naelewa. Katika riwaya zako za zamani swali ni kama wawili watapendana na kama Mungu atawafungulia njia. Swali lako wewe usiku ni jingine: nani alikuwa nyuma ya usukani? Kitabu cha upelelezi kinakujibu swali hilo kila mara, mara sita mfululizo, wakati huko barabarani hakuna aliyekujibu hata mara moja. Si dhambi kutafuta mahali ambapo mkosaji anajulikana. “Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi,” Mungu alimwambia Kaini, na dada wa aliyeuawa anaisikia sauti hiyo pia. Kusoma kunaweza kukupumzisha. Lakini kitabu kinategua kitendawili chake tu, na ukikifunga chako kiko palepale, ndiyo maana unafungua kingine.

Kwa hiyo jiangalie. Kama unasoma mpaka alfajiri kwa sababu huwezi kulala, kama unayatazama mabamba ya mbele ya magari ukitafuta alama, kama kuna barabara huwezi kupita, au hasira inawaangukia watoto, hayo hayatibiwi na kitabu wala na majibu yangu ya mbali. Nenda ukaonane na mtu uso kwa uso. Muombe padri wenu saa nzima, si dakika mbili mlangoni baada ya Misa. Nenda hospitali uulize huduma ya afya ya akili au mshauri nasaha. Kwenda huko si wazimu, ni kama kwenda na mguu uliovunjika. Na kama familia haijawahi kurudi kituo cha polisi kuuliza jalada la kesi limefikia wapi, nendeni wawili, wewe na mtu mzima mwenye utulivu, muulize kwa adabu na mwandike mlichoambiwa na tarehe. Huenda msipate jina. Mtajua angalau kama mtu bado anatafuta.

Nikwambie na fikra yangu kuhusu mumeo, unisamehe kama nimekosea, maana simjui. Amemwona mkewe, tangu maziko, kila usiku yuko peke yake na simu na mtu aliyeuawa. Akauliza Mkristo anastarehe vipi na maiti. Inawezekana hakuwa anauliza habari za vitabu. Usimjibu kwa Danieli na Nathani kwanza, hayo yatangoja. Mwambie kuhusu kaka yako. Kisha pelekeni pamoja jina lake liandikwe kwenye nia za Misa, msingoje Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu.

Na mkishaumaliza ule msalaba wa buluu niandikie. Nataka kujua kama binti yako alimshuku yule padri mrefu kwenye chumvi, au alichelewa kama nilivyochelewa mimi.